Vibali, leseni na karatasi za Serikali Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye biashara ndogo na familia za Unguja na Pemba. Anayelalamikia urasimu kwa kawaida huilaumu ofisi moja, lakini ukiifuatilia safari ya faili utakuta siku nyingi zimepotelea njiani, baina ya ofisi na ofisi. Ya kwanza inataka karatasi inayotolewa na ya pili, na ya pili inataka uthibitisho kutoka ya kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni mpangilio: kipi kitangulie kipi, na kwa nini.

Nataka kufungua duka. Nianzie wapi?

Anza na jina lako na mahali pa duka. Fomu ya leseni iache kwanza. Mpangilio unaopunguza nenda rudi ni huu:

1. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiwe hai, na majina yake yalingane na karatasi zako nyengine.
2. Mkataba wa pango, au uthibitisho kwamba jengo ni lako.
3. Usajili wa jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA).
4. TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania).
5. Usajili wa mlipakodi ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar).
6. Vibali vya sekta: ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar) kwa chakula, dawa na vipodozi, Kamisheni ya Utalii kwa nyumba za wageni na watembeza watalii, ZEMA (mamlaka ya mazingira Zanzibar) kwa kazi zinazogusa mazingira.
7. Leseni ya biashara ya baraza la manispaa, baraza la mji au halmashauri yako.

Mkataba wa pango unatangulia kwa sababu leseni hufungamana na pahala. Ukishasajili kila kitu kwa anuani ya Darajani, halafu mwenye nyumba akakubadilikia ukahamia Mwanakwerekwe, utalazimika kurekebisha anuani kila ofisi, na pengine umeshavuka kutoka manispaa moja kwenda nyengine. Usilipie chochote kabla hujapata funguo.

Jina langu limetofautiana herufi moja tu. Kweli hilo linaweza kunizuia?

Ndiyo, na hili ndilo linalokwamisha watu wengi kuliko jengine lolote. Tazama jina moja tu: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohammed, kitambulisho Mohamed, cheti cha skuli Moh'd, na kadi ya benki Muhammad. Ukisoma unajua ni mtu mmoja. Mfumo wa kompyuta unaona watu wanne. Mambo ni hayo hayo kwa Khamis na Hamisi, Salum na Salim, Mwanaisha na Mwana Aisha. Jina la tatu nalo lina matatizo yake: ofisi moja imeandika la babu, nyengine imeandika la ukoo.

Kabla hujaenda popote, tandaza karatasi zako zote mezani, ziandike majina yake kwenye karatasi moja herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa, uone zinapoachana. Kisha chagua moja iwe msingi. Ushauri wetu ni kitambulisho cha Mzanzibari, maana ndicho kinachoulizwa mwanzo karibu kila ofisi ya Serikali ya Mapinduzi. Tofauti ndogo ya tahajia humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, inayoeleza kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Tofauti ya jina zima au ya mwaka wa kuzaliwa haimalizwi na kiapo. Hiyo irekebishwe kwenye chanzo, yaani Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Hati yenyewe iorodheshe tahajia zote unazozijua. Ukiacha moja utarudi kuapa tena.

Kuwa na kitambulisho cha Mzanzibari na cha NIDA (kitambulisho cha taifa) pamoja ni jambo la kawaida, kwa sababu kimoja ni cha Zanzibar na chengine ni cha Muungano. Hakikisha viwili hivyo vimeandikwa sawa. TRA na benki huangalia NIDA, ofisi za hapa huangalia cha Mzanzibari, na tofauti baina yao hujitokeza siku unayofungua akaunti ya biashara.

Barua ya sheha ni ya nini hasa?

Sheha, kiongozi wa Serikali kwenye shehia, anathibitisha jambo moja analolijua yeye: kwamba unaishi, au unafanya kazi, ndani ya shehia yake. Hatoi leseni wala hathibitishi umiliki wa ardhi. Barua nzuri ina jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, jina la shehia na wilaya, ofisi inayoandikiwa, sababu, tarehe, saini na muhuri. Barua ya "Kwa anayehusika" hukataliwa mara kwa mara, basi muulize karani mapema iandikwe kwa nani.

Nenda na maelezo hayo umeshayaandika, umsomee Bwana au Bi Sheha. Dakika tano za kuyaandika zinakuepusha na muhuri uliogongwa juu ya jina lililokosewa. Kama duka liko shehia moja na nyumba shehia nyengine, uliza ofisi inataka barua ya wapi. Kwa leseni, kinachotazamwa ni pahala pa biashara.

Nimeshasajili jina BRELA. Kwa nini nisajili tena huku?

Usajili wa biashara haumo kwenye mambo ya Muungano. BRELA ni wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, na usajili wake unahusu huko. Zanzibar usajili ni wa BPRA, kwa sheria zake. Alama ya biashara ni hivyo hivyo: Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwanda ya 2008, na alama iliyosajiliwa Bara pekee haikulindi huku. Mwenye kuuza sabuni ya mwani au viungo chini ya jina lake, akiwa na nia ya kuvuka bahari, asajili pande zote mbili mapema, kabla jina halijapata umaarufu na mtu mwengine hajalitangulia.

Jina la biashara au kampuni?

Kwa duka la mtu mmoja, cherehani, saluni au genge, jina la biashara linatosha. Kampuni ina nafsi yake kisheria, deni lake si lako moja kwa moja, lakini inadai taarifa za kila mwaka na hesabu hata mwaka ambao haikuuza kitu. Watu wengi wamefungua kampuni kwa sababu neno lenyewe linasikika kubwa, kisha wakaisahau, na faini zikawa zinajikusanya kimya kimya. Kama hukopi pesa nyingi, huna mshirika na huombi zabuni, anza na jina la biashara.

TRA na ZRA: mbona kodi ina milango miwili?

Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, kwa hivyo ni za TRA. Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyokuwa ikiitwa Bodi ya Mapato hadi 2022, inakusanya kodi za ndani za Zanzibar: VAT, tozo za hoteli, ushuru wa stempu na nyenginezo. Mfanyabiashara mmoja anajikuta na TIN ya TRA, usajili wa ZRA, na wajibu wa kutoa risiti za kielektroniki kwa mfumo wa ZRA.

TIN haina malipo. Ukidaiwa pesa ya TIN, unayemlipa anajilipa yeye.

Weka kalenda moja ukutani yenye tarehe za pande zote mbili. Kuilipa TRA hakukufutii tarehe ya ZRA. Sisi tunaona hapa ndipo Serikali zote mbili zingeweza kumpunguzia mzigo mfanyabiashara mdogo kwa haraka zaidi: fomu moja ya usajili isomwe na mamlaka zote mbili.

Mauzo yangu ni madogo. Kodi ya mapato ni kiasi gani?

Kwa mtu binafsi mwenye mauzo ya chini, TRA hutumia kodi ya makadirio kwa mauzo ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 hayatozwi. Yanayozidi hapo hadi 7,000,000, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Chukua mauzo ya 5,000,000. Bila daftari ni 100,000. Ukiwa na daftari ni asilimia 3 ya 1,000,000, yaani 30,000. Daftari la mauzo la shilingi elfu chache limekuokolea 70,000. Liandikwe kila siku: tarehe, mauzo, manunuzi, matumizi, na risiti zipinwe kwenye ukurasa wa siku yake. Daftari lililoandikwa usiku mmoja kwa wino mmoja kwa mwaka mzima hujulikana likifunguliwa tu. Viwango hutazamwa upya bajeti inapopita mwezi wa Juni, hivyo thibitisha kila Julai.

Mkataba wa pango una mambo gani ya kuchunga?

Mawili. La kwanza ni ushuru wa stempu unaolipwa ZRA. Mkataba usiopigwa stempu hauna nguvu unapouhitaji mahkamani, na ofisi nyengine hazitaupokea. La pili huwashtua wengi: mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika. Pango la 200,000 kwa mwezi lililolipwa mwaka mzima ni 2,400,000. TRA inadai 240,000, na mwenye nyumba anapokea 2,160,000. Kubalianeni hili kabla ya kusaini. Usipoizuia asilimia hiyo, deni linakuangukia wewe, na mwenye nyumba aliyekwishatumia pesa yake hatakurudishia.

Ofisi ya leseni inataka kibali cha afya, na ofisi ya kibali inataka leseni. Nifanyeje?

Huu ndio mduara unaowachosha watu wakaamua kufanya biashara bila karatasi. Hukatwa hivi. Peleka maombi kwa ofisi ya sekta kwanza, ukiwa na usajili wa BPRA na mkataba wa pango. Omba nakala ya ombi lako igongwe muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe. Nenda na nakala hiyo kwenye ofisi ya leseni, uombe ombi lako lipokelewe kwa masharti kwamba kibali kitafuata. Mara nyingi afisa anachohitaji ni kujua kwamba ukaguzi umeshaombwa.

Akikataa, muombe kwa adabu akuandikie sharti linalokosekana na kifungu kinacholidai. Usigombe. Sharti lililoandikwa unaweza kulipeleka kwa mkuu wake. Sharti la mdomo hubadilika kila ukirudi. Zanzibar ina baraza la kusimamia mfumo wa leseni, lililoundwa kwa sheria ya 2013, na miduara ya namna hii ndiyo malalamiko ya kupelekwa huko.

Natengeneza achari na jamu nyumbani. Nifanye nini ziingie madukani?

Jiko la familia na jiko la biashara vitenganishwe. Si lazima jengo jipya. Chumba cha nyuma chenye mlango wake kinaweza kufaa. Mkaguzi huangalia sakafu na kuta zinazooshika, dari isiyomwaga vumbi, nyavu madirishani, maji safi, beseni la kunawia mikono lisilo la kuoshea vyombo, choo kisichofungukia jikoni, na mpangilio wa kazi: maembe mabichi yaingie upande mmoja, chupa zilizojaa zitoke upande mwengine, zisikutane. Wanaogusa chakula wapimwe afya zao.

Kisha lebo, ambayo ndiyo huangusha watu wengi. Ichukue chupa yako uisome kama mgeni. Iwe na jina la bidhaa, viambato vyote kuanzia kilicho kingi, uzito halisi bila chupa, jina na anuani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa matumizi, nambari ya toleo na namna ya kuhifadhi. "Achari tamu ya Pemba" yenye picha nzuri lakini bila uzito itarudishwa, na ikiwa umeshachapisha lebo elfu moja, hizo ni pesa za kutia jaani. Chapisha hamsini kwanza. Zikishakubaliwa, chapisha nyingi.

Mambo mengine yanayokataliwa: chupa za maji zilizotumika, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu inayofutika, na maneno ya tiba. Ukiandika kwamba jamu yako inatibu sukari, umeshaigeuza dawa na umejiingiza kwenye sheria nyengine kabisa.

Alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ni hatua inayofuata. Sampuli hupelekwa maabara. Usipeleke toleo ulilolipika kwa uangalifu kupita yote. Peleka la siku ya kawaida, kwa sababu utakaguliwa tena na mapishi yatatakiwa yalingane.

Duka langu liko Mji Mkongwe. Kuna nyongeza?

Ipo. Eneo hilo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kubadilisha mlango, dirisha, baraza, rangi ya nje au kuweka bango kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Omba kabla fundi hajashika nyundo. Mlango wa kioo uliokwishawekwa utaondolewa kwa gharama yako, na wa mbao uliong'olewa hauna wa kuurudisha kama ulivyokuwa.

Umeme wa ZECO unachelewa wapi?

Kwa ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar, ni kwenye ukaguzi wa nyaya. Waya ziwe zimepitishwa na fundi aliyesajiliwa, na fomu yake isainiwe, kabla mpimaji hajaja. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari, lakini bila usajili saini yake haipokelewi na utalipa mara mbili. Mita ya TUKUZA (ya umeme wa kulipia kabla) iandikishwe kwa jina la mwenye kuitumia. Mita yenye jina la mpangaji aliyehama miaka iliyopita huleta usumbufu siku inapoharibika.

Baba amefariki akaacha duka. Tunaweza kuendelea na leseni yake?

Jina la biashara la mtu mmoja halirithiwi kwa kuachiwa funguo. Pata cheti cha kifo mapema, kisha fungueni mirathi. Kwa Waislamu, njia ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi. Msimamizi akishateuliwa, ndiye anayezitaarifu TRA, ZRA, benki na BPRA. Familia nyingi huacha hivi kwa aibu ya kuonekana zinakimbilia mali kabla ya arubaini. Lakini kodi ya makadirio inaendelea kuhesabiwa kwa jina la marehemu, na deni hilo litakatwa kwenye mirathi ya watoto. Kutoa taarifa ya kifo si kugawa mali.

Sisi tuko Pemba. Lazima twende Unguja?

Taasisi nyingi zina ofisi Pemba, hasa Chake Chake. Swali la kuuliza dirishani ni: "Uamuzi unatoka hapa au faili linapelekwa Unguja?" Kama linapelekwa, uliza linaondoka siku gani, kwa boti au kwa mfumo, na nani analipokea. Andika nambari ya faili. Mtu wa Micheweni anayelipa nauli hadi Chake kwa kila "njoo kesho" anaweza kutumia pesa nyingi kuliko ada ya leseni yenyewe, na kwa maoni yetu hapo ndipo urasimu unapouma zaidi Zanzibar nzima. Piga simu kwanza, na zikusanyeni shida za jirani zenu: mtu mmoja aende na nakala za watano kuuliza masharti, kisha kila mtu aende mara moja tu na karatasi zake zimekamilika.

Malipo yanafanywaje kwa usalama?

Kwa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, kupitia benki au simu. Kabla hujathibitisha, soma jina la taasisi linalotokea kwenye skrini na kiasi. Hifadhi ujumbe na uuchapishe, simu hupotea. Usimpe afisa pesa mkononi, hata akiwa mtu wa mtaani kwenu.

Kuna kishoka (wakala asiye rasmi) ananiambia atanimalizia yote. Nimkubali?

Kumlipa mtu akujazie fomu si kosa, na kwa asiyejua kompyuta ni msaada mkubwa. Hatari ni pale anapotumia simu na barua pepe yake kufungua akaunti yako. Nywila inakwenda kwake, na mwaka ujao huwezi kuhuisha leseni bila yeye. Kaa pembeni yake, tumia namba yako, ibadilishe nywila ukifika nyumbani. Anayekuahidi kuruka ukaguzi anakuuzia karatasi ambayo mkaguzi ataifuta.

Serikali ipunguze nini hasa?

Mitandao imesaidia, lakini fomu ya mtandaoni inayokwisha kwa "chapisha, gonga muhuri, ulete nakala tatu" haijaondoa chochote. Mambo manne yangeonekana mtaani mara moja. Ofisi isimuombe mwananchi karatasi iliyotolewa na ofisi nyengine ya Serikali ile ile, iulize yenyewe. Vibali vyote vya duka moja viishe tarehe moja, ili mtu asihuishe mara tano kwa mwaka. Ada na siku za kusubiri zibandikwe mlangoni. Na maombi ya hatari ndogo, kama duka la nguo, yapewe leseni kwanza yakaguliwe baadaye. Ukaguzi wa kabla ubakie kwa chakula, dawa, gesi na majengo, ambako kosa linaua. Hatutetei kufutwa kwa ukaguzi huo.

Nimecheleweshwa kupita kiasi. Nilalamike wapi?

Kwanza kwa mkuu wa ofisi hiyo, kwa barua ya nusu ukurasa: nambari ya faili, tarehe ya kupokelewa, nani alikwambia nini siku gani, na unachoomba. Ambatanisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo huna ushahidi kwamba uliomba. Kama suala ni la leseni ya halmashauri, diwani wako ana nafasi ya kuliuliza kikaoni. Mfumo wa Sema na Rais, ulioanzishwa 2021, hupokea malalamiko na kuyapeleka kwa taasisi husika. Ukiombwa rushwa, ni kwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, na ripoti kabla hujatoa.

Kwa tatizo linalowagusa wengi, mfano ada inayotozwa mara mbili sokoni, andikeni pamoja na mupitie jumuiya ya wafanyabiashara ili lifike Baraza la Biashara Zanzibar. Orodhesheni risiti: tarehe, kiasi, jina la mtoza, kilichoandikwa. Risiti thelathini zilizopangwa vizuri ni hoja ambayo afisa hawezi kuijibu kwa "tutaangalia".